Ndevu za Miaka Minane

Katika mtaa ule, mtu akiaga kazini kwamba anakwenda kulala kidogo mchana kweupe, hakuna aliyemwuliza kama anaumwa. Walijua anakwenda kunyolewa. Kinyozi mwenyewe aliitwa Fundi Lala, na usidhani jina hilo alilipata kwa uvivu, maana alikuwa wa kwanza kufungua duka na wa mwisho kufunga. Alilipata kwa sababu ya watu waliokalia kiti chake. Ungeweza kuingia pale umenuna, umegombana na mwenye nyumba, kiatu kinakubana, na kabla shavu moja halijaisha ungekuwa unakoroma mbele ya watu wazima wenzako. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akija hata siku asizokuwa na unywele mmoja kidevuni. Alikaa tu kwenye benchi chini ya feni, akasikiliza wembe unavyonong'ona kwenye mashavu ya wenzake, akasinzia bure.

Vinyozi wengine walikuja kumchungulia wajue dawa anayotumia. Hakuwa na dawa. Alikuwa na wembe wa kukunja ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, mkewe akiwemo, na mkanda wa ngozi uliotundikwa ukutani, ambao kabla ya kila mteja aliupitishia wembe mara ishirini kwenda na ishirini kurudi, bila haraka, kama mama anayebembeleza mtoto. Alikuwa na taulo zilizolowekwa katika maji ya moto, na bakuli la sabuni aliyoikoroga kwa brashi mpaka povu likawa zito, likasimama lenyewe. Hayo yote wale vinyozi waliyaiga. Walichoshindwa kuiga ni vidole.

Kabla wembe haujagusa uso wa mtu, Fundi Lala alifumba macho akaupapasa. Alianzia chini ya sikio, akashuka na taya, akapanda kidevu, akateremka kooni, pole pole, kwa ncha za vidole vitatu. Alikuwa anazisoma ndevu. Za mwingine zinashuka zote kwa adabu, za mwingine zikifika chini ya taya zinageuka na kupanda, na wengine wana mahali zinazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Ukienda nazo, mtu analala. Ukizikata kinyume kabla hazijalainika, anaondoka na vipele na hasira. Na hata mteja aliyemnyoa miaka ishirini, siku ya kumnyoa aliupapasa uso wake upya, kana kwamba ndiyo kwanza wamekutana. Mwalimu aliwahi kumwuliza kwa nini anajisumbua.

"Jana alilalia upande gani, mimi najuaje?" alijibu.

Basi Jumamosi hiyo, tangu asubuhi, alikuwa akinyoa harusi. Hakukuwa na namna nyingine ya kusema. Waliingia wajomba wa bwana harusi, wakaingia baba zake wadogo, akaingia mshenga, akaja hata bwana harusi mwenyewe, kijana wa watu, anatabasamu mpaka povu linamwingia mdomoni. Na kila aliyetoka mlangoni, uso unang'aa, aligeuka na kusema, "Fundi, tuonane saa tisa!" Naye Fundi Lala akajibu, "Mungu akipenda," akageuka haraka kukung'uta taulo ambalo halikuwa na kitu.

Kwa maana mji mzima ulikuwa umepewa kadi isipokuwa yeye. Na bibi harusi alikuwa mtoto wa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Alimbeba mabegani mtoto yule alipokuwa na miaka mitatu, naye mtoto akamshika masikio kama usukani na kupiga honi. Alimwita Baba Mkubwa. Familia ya bibi harusi ilikuwa imefika tangu jana kutoka mji wanakoishi, wamepanga vyumba katika nyumba ya wageni, mitaa minne tu kutoka dukani. Fundi Lala alikuwa amelala macho usiku wote akiipima mitaa hiyo minne. Yeye anayelaza watu! Angetoa chochote apewe ruhusa ya kusimama tu nyuma ya watu siku hiyo.

Waligombana wapi? Watu walishasahau, lakini yeye hakusahau. Miaka minane nyuma mama yao alifariki. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Tairi kwa sababu tangu utoto hakupenda kitu kingine, alikuwa safarini mbali, akiendesha lori la saruji. Akapigiwa simu, akasema kesho adhuhuri atakuwa amefika. Wakangoja adhuhuri. Wakangoja alasiri. Simu yake haipatikani. Watu wakaanza kutazama saa, na yeye kama kifungua mimba akasimama na kukata shauri: mama azikwe. Siku mbili baadaye Tairi akatokea langoni, kachafuka, kajifunga kitambaa kinachopita chini ya taya na kufungwa juu ya kichwa, kama mtu anayeugua jino. Fundi Lala alikuwa amechoka, ana uchungu, na maneno yakamtoka mbele ya waombolezaji wote: "Mama amezikwa, mwenzetu anauguza jino!"

Watu wengine walicheka. Si kwa ubaya, msibani kicheko hakiombi ruhusa. Tairi alisimama pale kidogo, akageuka, akaondoka. Tangu siku hiyo hakukuwa na simu wala salamu. Fundi Lala akapiga marufuku jina la mdogo wake nyumbani. Mara mbili mkewe alijaribu kumwambia jambo alilolisikia kwa shemeji yake, na mara mbili akanyanyua kiganja. "Namjua mdogo wangu," alisema. "Hakuna la kuniambia."

Ilipofika saa sita na nusu duka lilikuwa tupu. Alibaki mwalimu tu, amelala benchini, miwani imeteremka mpaka puani. Jua lilikuwa limepita katikati ya pazia na kulala sakafuni, juu ya nywele nyeupe na nyeusi ambazo hazijafagiliwa. Fundi Lala aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, akayafumba macho, na pengine alisinzia, kwa sababu alipoyafumbua mlangoni alisimama mtu mwenye ndevu zinazofika kifuani, na alihitaji muda kujua kama yuko ndotoni au yuko kazini.

"Habari za kazi," mtu yule alisema.

Ilikuwa sauti ya Tairi. Hakumwamkia. Alisalimia kama mteja anavyosalimia.

"Nzuri," Fundi Lala alisema, akasimama. "Karibu. Karibu ndani."

"Mtoto amesema hataki kupiga picha na kichaka." Tairi alijishika ndevu. "Nimeuliza kinyozi mzuri, wote wamenielekeza hapa."

Ilikuwa utani au haikuwa? Fundi Lala hakujua acheke au asicheke, akaishia kukohoa. Akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Mdogo wake akaketi, akaegemea, akafungwa shuka jeupe shingoni, na wote wawili wakaangaliana kwenye kioo, kwa sababu kwenye kioo kuangaliana ni rahisi zaidi.

Alianza na mkasi. Ndevu ziliteremka vipande vipande kwenye shuka, nyeusi juu na za kahawia chini, miaka minane inakatwa kwa sauti ndogo ya chuma. Alizipunguza mpaka zikabaki urefu wa ukucha.  Feni ilizunguka, ikalia kila ilipofika mahali pake pabovu. Kisha akakamua taulo la moto, akamfunika mdogo wake uso mzima akaacha pua tu, na mvuke ukapanda, na harufu ya sabuni, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumponyoka.

Kwa maana uso huu aliujua kuliko wote. Juu ya uso huu ndipo alipojifunzia kazi. Walikuwa vijana, yeye na miaka ishirini, Tairi kumi na saba, ndevu zenyewe hazijafika mia moja. Nyuma ya nyumba, kwenye ndoo iliyopinduliwa, mdogo wake alikaa na kidevu juu, anacheka, na mama dirishani anapiga kelele, "Ukimkata mwanangu utanikoma!" Naye Tairi bila kusogeza midomo, "Mama, usimtetemeshe!" Siku ile jua lilikuwa hivihivi. Povu lilikuwa hivihivi. Fundi Lala alikoroga brashi kwenye bakuli akapaka, akazungusha, akapaka, na chini ya brashi uso ukapotea, ukabaki mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na juu ya ule ukuta aliona kijana wa miaka kumi na saba anayemwamini kabisa kabisa.

Akaunoa wembe kwenye mkanda. Ishirini kwenda, ishirini kurudi. Aliinama na kuweka kidole gumba kwenye shavu la mdogo wake, akaivuta ngozi, akaulaza wembe na kuanza.

Na wewe uliyesikia tangu mwanzo utaniuliza: vidole je? Hakupapasa. Mteja wa miaka ishirini alimpapasa, mpita njia alimpapasa, bwana harusi asiyejua kufunga mdomo alimpapasa. Kwa mdogo wake aliingia moja kwa moja na wembe, kwa sababu huyu alimjua.

Shavu la kulia liliisha vizuri. Wembe ulipita na povu, ukaacha njia safi, ukapita tena. Ulikuwa unanong'ona ile sauti yake, na mwalimu kule benchini akajibu kwa mkoromo. Fundi Lala alikuwa nyuma ya nyumba ya utotoni, mama yuko dirishani, hakuna aliyekufa wala aliyechelewa. Aliona vema asiguse kitu, asivunje kitu. Akamgeuza mdogo wake kichwa taratibu, akaja upande wa kushoto, akateremka na taya, akaingia chini yake, mahali ambapo ndevu za Tairi tangu zamani zilishuka moja kwa moja mpaka kooni, na wembe ukagonga kitu.

Haukukwaruza, uligonga. Palikuwa na tuta pale, ngozi imeinuka, na ndevu zilizolizunguka zilisimama kinyume zote. Kabla hajauinua mkono, povu likawa na mstari mwekundu, na mstari ukawa mpana.

Miaka thelathini na zaidi katika kazi, na mara ya mwisho kumkata mtu hakuikumbuka. Alibaki ameushika wembe hewani. Tairi hakuruka wala hakupiga kelele. Alifumbua macho tu, akamtazama kaka yake kwenye kioo.

"Samahani," Fundi Lala alisema. "Samahani sana. Hapa zamani zilikuwa..." Akachukua kipande cha shabu, akakilowesha na kukibana juu ya kidonda ili damu ikate.  "Hapa zilikuwa zinashuka. Najua zilikuwa zinashuka."



Fundi Lala alifuta povu upande ule kwa kona ya taulo. Aliinama, akaangalia. Chini ya taya, kutoka karibu na sikio mpaka nusu ya koo, kovu lilipita, pana kama kidole cha mtoto, na pembeni yake alama za nyuzi, huku moja na huku moja. Kovu la siku nyingi. Lilikuwa limekaa chini ya ndevu wakati wote.

"Hili nini?" aliuliza.

"Jino," Tairi alisema.

 Fundi Lala alitafuta pa kushika, akashika mgongo wa kiti.

Mtu anayenyolewa hasemi. Ndiyo kanuni ya kiti kile, na miaka yote Fundi Lala ndiye aliyekuwa akisema peke yake, wateja wanaitikia kwa pua. Sasa alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya uso ukiwa haujaisha. Aliufunga wembe, akauweka mezani, akavuta kigoda na kuketi mbele ya mdogo wake, chini yake, akimwangalia yeye na si kioo.

"Niambie," alisema.

"Povu litakauka."

"Likauke."

Tairi aliangalia dari kwa muda. Nusu ya uso wake ilikuwa safi na nusu ina povu na damu, na mtu mwingine angecheka.

"Nilipopigiwa simu nilikuwa nimeshaendesha usiku kucha," alisema. "Bosi akasema pumzika saa mbili ndipo ugeuze. Nikasema mama yangu amekufa, nipumzike vipi? Nikageuza. Nilikuwa nimebakiza kama saa tano nifike. Unajua nilikuwa nafanya nini? Naimba. Naimba kwa nguvu ili nisilale." Akafuta povu lililomfika mdomoni. "Nikalala. Sijui ni sekunde mbili, sijui tatu. Nilipoamka niko mtaroni, lori limelala ubavu, saruji kila mahali, na kioo cha mbele kimo humu." Aligusa chini ya taya. "Simu sijui ilikwenda wapi. Daktari akashona nyuzi saba, akaniambia kaa hapa siku tano, damu imekwenda nyingi. Nikakaa moja. Nilitoroka na bendeji yangu, nikaomba lifti kwa madereva. Wa mwisho alinishusha pale kona. Nikaja mpaka langoni."

 Hakukuwa na haja ya kueleza langoni kulikuwa na nini.

"Kwa nini hukusema?" Sauti ya Fundi Lala ilitoka imepasuka. "Kwa nini hukuniambia pale pale? Ningekupigia magoti."

"Ulikuwa umeshasema. Ulisema jino, watu wakacheka. Nikaona, basi, iwe jino." Tairi alitabasamu kidogo, upande ule wenye povu. "Ndevu zikaota juu yake nikaziacha. Kila aliyeniuliza mbona hunyoi, nilimwambia jino linaniuma."

"Mke wangu alitaka kuniambia kitu. Nikamkatalia."

"Najua. Shemeji aliniambia umekataa. Wewe, kaka, huulizi. Unajua."

Lilikuwa neno *kaka* lile lililomwangusha. Fundi Lala aliinamisha kichwa, akashika goti la mdogo wake kupitia shuka, akalia kama watu wazima wanavyolia mchana, bila sauti, mabega tu. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya machozi. Kumbe miaka minane alikuwa amemkasirikia mtu aliyekuwa ametokwa na damu njia nzima kuja kwa mama yake. Alimnyima hata swali moja. Swali halina bei, na hakumpa.

Kwenye benchi mwalimu aliamka, akarekebisha miwani, akaona kinyozi ameinama kigodani na mteja ana nusu uso. Alikuwa mtu mwenye akili. Akalala tena, au akajifanya.

"Unisamehe," Fundi Lala alisema. "Sina neno lingine. Nimekukosea wewe na nimemkosea mama."

 

"Nikwambie kitu?" Tairi alisema. "Mtoto kanisumbua mwezi mzima nije hapa. Nikakataa, nikakataa. Jana nimepita nje ya dirisha hili, sikuingia. Nimesimama upande wa pili wa barabara nikakuona unanyoa mzee mmoja. Ukafumba macho ukampapasa, hivi, hivi. Nikasema, basi kesho nitakwenda. Nitakaa kimya, sitamwambia lolote. Vidole vyake vitakutana na hiki kitu, ataniuliza mwenyewe." Akamtazama. "Nimekaa hapa nusu saa, kaka. Nilikuwa nangoja unipapase."

 Fundi Lala alisimama. Alikwenda kumwaga maji yaliyopoa, akachemsha mengine, na birika lilipoanza kuimba alilisikiliza kana kwamba ni mara ya kwanza kusikia birika. Akaosha uso wa mdogo wake, povu lote kavu, damu yote, mpaka ukabaki uso mtupu. Akanawa mikono. Akaipasha moto katika taulo, kwa sababu vidole baridi havisomi.

Kisha akafumba macho.

Alianzia chini ya sikio la kulia. Alishuka taratibu. Huyu hakuwa kijana wa ndoo. Taya lilikuwa zito zaidi, ngozi ya shavu imelegea, na karibu na mdomo palikuwa na mikunjo miwili ambayo mtu huipata kwa kucheka au kwa kukunja uso barabarani, na hakujua ni kwa lipi. Hakujua mambo mengi. Ndevu za kidevuni sasa zilikuwa ngumu, zinaelekea kushoto. Akapanda, akavuka, akashuka upande wa pili mpaka kovuni, akalipitia lote kutoka mwanzo mpaka mwisho, uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Vidole vilikaa hapo muda mrefu. Nje gari lilipita, sauti ya mwanamke ilimwita mtu, jua likasogea kidogo sakafuni, na mle ndani ilikuwa kama wakati umeambiwa ukae chini usubiri.

"Hapa zinapanda," Fundi Lala alisema, macho bado yamefumbwa.

"Zinapanda."

"Na hapa zinazunguka."

"Kama unavyoona."

"Panauma?"

"Wakati wa baridi."

Alikoroga povu jipya. Alinoa. Safari hii alipofika kovuni alitumia inchi ya mwisho ya wembe, akapita pembeni kwa mipigo mifupi, akafuata ndevu zinakotaka kwenda, hata kama ni juu, hata kama ni kuzunguka, na kila mpigo aliuliza, "Hivi?" na Tairi akaitikia kwa pua. Hakulala. Mteja pekee ambaye hakulala mwaka ule alikuwa yeye. Alikaa macho, anamwangalia kaka yake kwa karibu, uso kwa uso, pumzi za sabuni zikienda na kurudi baina yao. Fundi Lala alimnyoa mara moja kufuata ndevu, akampaka tena, akamnyoa mara ya pili kwa kukingama. Mara ya tatu, ile ya kwenda kinyume, hakuthubutu. Akamfuta kwa taulo la moto, kisha la baridi.

Uso ulikuwa laini. Kovu lilikuwa wazi, hakuna pa kulificha, na picha zote za harusi zitalionyesha. Tairi alijitazama kwenye kioo, akapitisha kiganja shavuni kwenda na kurudi.

"Wataniuliza hili nini," alisema.

"Nitawaambia mimi," Fundi Lala alisema. Halafu akasita, kwa kuwa hakuwa na haki ya kusema hivyo. "Yaani, kama... Sikupewa kadi."

Tairi aligeuka kwenye kiti, shuka bado shingoni, akamkazia macho.

"Kadi? Wewe upewe kadi ya nini? Nilimwambia mtoto akuandikie, akanijia juu. Akasema kadi ni za wageni, baba mkubwa ni mwenye shughuli, ama aje kama mwenyewe au asije kabisa. Sasa mimi ningekuletea nini?"

Fundi Lala alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo halimpendezi mwanamume wa umri wake. Kisha akatazama saa ya ukutani, akashtuka. Saa nane kasoro dakika kumi. 

"Mke wangu yuko sokoni, hajui lolote," alisema, huku akizunguka duka zima bila kushika kitu. "Suti iko kwa dobi, na dobi mwenyewe namjua. Sijaoga. Tazama, hata mimi mwenyewe sijanyoa!" Akamfungua mdogo wake shuka haraka haraka, akamkung'uta mabega. "Wewe nenda, bwana. Nenda, baba wa bibi harusi hachelewi. Msisimamishe mambo ya watu kwa sababu yangu. Anzeni tu. Nitawakuta hata mkiwa katikati, nitasimama nyuma."

Tairi alisimama. Alichukua kofia yake msumarini lakini hakuivaa, akawa anaizungusha mikononi. Midomo yake, ambayo sasa ilionekana yote, ilikuwa inatetemeka.

"Kaoge, kaka," alisema. "Mfuate shemeji. Chukua suti yako. Saa tisa ikipita, ipite, hata saa kumi ipite. Tutakungoja."